Sare ya Pili

Mama Kasuku alikuwa mwanamke wa kujikaza. Alifanya kazi ya kuhudumia wazee katika makao yaliyokuwa mwisho wa barabara ya hospitali, jengo la ghorofa tatu lenye madirisha makubwa na korido ndefu zilizonuka dawa ya kusafishia na supu iliyopoa. Aliwaogesha, aliwabadilisha nepi, aliwalisha wale waliosahau kutafuna, na waliokata roho mikononi mwake aliwafumba macho kabla ndugu zao hawajafika. Kazi hiyo aliianza mwaka uleule yeye na mumewe walipoingia nchi ile na mtoto mgongoni, na mtoto mwenyewe sasa alikuwa msichana mkubwa, anampita mama yake kwa kichwa kizima.

Jina lake halisi halikuwahi kuwakaa wenyeji mdomoni. Wiki ya kwanza walilijaribu, wiki ya pili wakalikata, na kipande walichobakiza kilikuwa karibu kabisa na neno lao la kijiko. Basi akawa Kijiko. Wazee wakamwita Kijiko, meneja akamwita Kijiko, na kibandiko cha kifuani nacho kikaandikwa hivyohivyo. Alipomsimulia mumewe, mumewe alicheka hadi akakohoa, akasema ashukuru hawakumwita sufuria. Huyo mumewe kwao alikuwa mwalimu wa hesabu. Tangu wafike alikuwa akipanga maboksi ghalani, ila wageni wenzao waliendelea kumwita Mwalimu. Zamani jina hilo lilimpendeza. Siku hizi aliliitikia kama mtu anayeitwa kwa jina la marehemu kaka yake.

Yote hayo walikuwa wameyameza. Kulikuwa na bibi mmoja wa chumba cha ghorofa ya pili, yule aliyependa kukaa dirishani, ambaye kila Kijiko akiingia aliuficha mkoba wake chini ya mto, kisha akasahau alikouficha, kisha akampigia kelele za mwizi. Kijiko aliutoa mkoba chini ya mto, akampa, akaendelea kumchana nywele. Kulikuwa pia na mzee aliyetaka avae glavu mbili, moja juu ya nyingine, ndipo amguse. Alivaa. Jioni akirudi nyumbani alimkuta binti yake mezani, kitabu kimefunguliwa, kalamu mdomoni, na yote ya mchana yakamtoka kichwani. Aliona kila mgongo anaousugua ni tofali, na nyumba inayojengwa ni ya huyu mtoto.

Binti walimwita Kasuku kwa sababu ya ulimi wake. Kabla hajang'oka meno ya utoto alikuwa ameishika lugha ya pale kama aliyezaliwa nayo, na yeye ndiye aliyewatafsiria wazazi wake kila ofisi, amesimama kwenye kiti ili aonekane kaunta. Makarani walimpa peremende. Mwalimu alimfundisha hesabu kila jioni, na alikuwa na neno moja asiloacha kumwambia, kwamba hesabu haina rangi: ukiipata umeipata, hakuna wa kukunyang'anya. Kasuku akaipata. Aliingia chuo kusomea ufamasia, akamaliza miongoni mwa wa kwanza, na siku ya mahafali Mwalimu alivaa suti aliyokuja nayo kutoka kwao, imembana tumboni hadi akawa anapumua kwa mafungu. Walicheka siku hiyo.

Kilichobaki kilionekana kidogo. Sheria ya pale ilimtaka mhitimu afanye kazi mwaka mmoja chini ya mfamasia mwenye leseni, ndipo naye apewe yake. Na mwaka huo ilibidi auanze mapema, kwani ukikawia mno baada ya chuo unahesabiwa umesahau na unarudishwa darasani upya. Wenzake wa darasani walipata nafasi hata kabla wino wa vyeti haujakauka, wakiwemo wale waliokuwa wakinakili majibu yake. Kasuku alituma maombi kila duka la dawa la mji ule, kisha miji ya jirani. Wengine hawakujibu. Waliojibu walimshukuru sana, wakamtakia mafanikio mema kwingineko. Hilo neno kwingineko likawa utani wa nyumbani. Mtu akiulizwa sukari iko wapi, anajibu, kwingineko.

Siku moja Kasuku aliona tangazo la kutafuta mhitimu wa ufamasia kwenye kioo cha duka la dawa karibu na kituo cha treni. Safari hii hakutuma maombi. Alipiga simu, akajitambulisha kwa jina fupi alilopewa na walimu wake wa chekechea, ambalo halikumwambia mtu lolote. Mwenye duka alimhoji papo hapo. Mama Kasuku alikuwa jikoni anamenya viazi, akasikia sauti ya mwanawe ikipanda na kushuka, ikitaja dawa na magonjwa, halafu ikacheka, na upande wa pili nao ukacheka. Simu ilipokatika, Kasuku alikuja kusimama mlangoni.

"Amesema nije kesho nimsalimie tu," alisema. "Amesema kwake yeye nimeshapata."

Mama Kasuku hakujua kama alie au acheke, akaendelea kumenya viazi, akajikuta amemenya vya wiki nzima.

Kesho yake hakuwa na zamu, akamsindikiza. Kasuku alivaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi mara mbili. Walikubaliana mama asiingie, isije ikaonekana ni mtoto wa kushikwa mkono, basi akakaa kwenye benchi ng'ambo ya barabara, macho kwenye mlango wa kioo. Alimwona mwanawe akiingia. Alimwona mwenye duka, mtu mzima mwenye koti jeupe na miwani iliyosukumwa kichwani, akitoka nyuma ya kaunta kwa tabasamu, mkono umeshanyooshwa. Kisha akaona jambo dogo ambalo baadaye hakuweza kulisahau. Yule bwana alitazama juu ya bega la Kasuku, kumtafuta anayekuja nyuma yake. Kasuku alisema kitu. Mkono ule haukurudi, ulimsalimia, lakini tabasamu lilikuwa limeshaondoka. Walisimama hapo muda wa kumaliza kikombe cha chai ya moto, si zaidi.

Kasuku alitoka akavuka barabara bila kutazama magari.

"Nafasi imechukuliwa," alisema. "Amesema imechukuliwa asubuhi hii."

"Asubuhi hii?"

"Twende, Mama."

Hakulia. Alitembea mbele kwa hatua ndefu, na mama yake nyuma akihema, akitaka kumwambia apunguze mwendo lakini akiogopa akigeuka atamwona uso.

Kasuku hakuliacha jambo hilo hivihivi. Alikwenda ofisi inayopokea malalamiko ya ubaguzi, akapokelewa na mwanamke mpole aliyemsikiliza hadi mwisho na kumpa kitambaa cha karatasi kabla hata hajakihitaji. Mwanamke huyo alimuuliza kama kuna shahidi, kama kuna neno baya lililotamkwa, kama kuna chochote cha kushika mkononi. Kasuku alikuwa na tabasamu la mwenye duka lililoanguka, basi. Aliambiwa arudi likitokea tena na ahakikishe safari hiyo anarekodi.

Wiki iliyofuata Mama Kasuku alipita mtaa ule akielekea kazini, akaona tangazo lilelile bado liko kwenye kioo. Akaenda kazini. Alipotoka akapita tena makusudi, tangazo lipo. Siku ya tatu miguu yake ilimwingiza dukani kabla hajaamua. Aliingia kama mtu aliyekwenda kuiba.

Shida yake ilikuwa lugha. Aliijua, lakini aliijua ya kufanyia kazi: geuka, inua mkono, fungua mdomo, pole, imekwisha. Hakuwahi kuitumia kubishana na mtu. Akawa amesimama mbele ya kaunta anapanga maneno, na mwenye duka, aliyekuwa amemaliza kumhudumia mteja, alimwona, akamwonea huruma, akamvutia kiti.

"Umekuja kwa ajili ya ile kazi?" aliuliza.

"Ndiyo," akasema Mama Kasuku, akidhani wanazungumza jambo moja.

"Ni ya jioni, baada ya kufunga. Kufagia, kupiga deki, kufuta rafu. Umewahi kufanya usafi?"

Hapo ndipo alipotanabahi. Alimwambia, kwa maneno yaliyogongana, kwamba yeye ni mama wa yule msichana wa blauzi nyeupe, yule wa simu, mfamasia. Yule bwana alivua miwani kichwani akaifuta kwa pindo la koti. Hakukasirika. Mama Kasuku angependa akasirike, maana mtu mwenye hasira alijua namna ya kumtuliza.

"Binti yako ni hodari," alisema taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa. "Mimi binafsi sina neno naye. Lakini wateja wangu ni wazee, mama. Mzee akija na cheti chake cha dawa anataka kuhudumiwa na mtu anayemwamini. Wewe mwenyewe unaelewa."

"Hao wazee nawaogesha mimi," alisema Mama Kasuku.

"Naona. Ni kazi nzuri sana." Akatikisa kichwa kwa heshima ya kweli, na neno la mama likapita sikioni mwake likatokea upande wa pili. "Na hii nafasi ya usafi bado ipo. Ukitaka wewe, au hata binti, mnakaribishwa."

"Asante," alisema Mama Kasuku.

Alipofika nje ndipo aliposikia alichosema. Asante. Lilimtoka lenyewe, kwa mazoea, kama linavyomtoka kila siku akikabidhiwa shuka chafu. Alisimama ukingoni mwa barabara watu wakimkwepa, akatamani arudi alichukue neno lake, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa nyuma yake na yule bwana alikuwa akimchekea mtoto mdogo wa mteja mwingine, akimtafutia peremende kwenye mtungi.

Kasuku hakuambiwa. Mwalimu ndiye aliyeambiwa, wakati wakikunja nguo zilizokauka. Mwalimu alisikiliza akiendelea kukunja, soksi na soksi yake, mpaka aliposikia habari ya asante.

"Ukamwambia asante," alirudia, bila kumlaumu.

"Nikamwambia."

Alikaa kitandani na lundo la soksi mapajani. Akasema, "Nilimdanganya mtoto wangu." Mkewe alimuuliza alimdanganya nini. "Kuhusu hesabu," alisema, na tangu siku hiyo hakugusa tena daftari wala kitabu mbele ya mtu, wala hakumkosoa muuza duka aliyekosea kujumlisha, jambo alilokuwa hakosi kulifanya, kwa raha zake, katika nchi yoyote ile.

Miezi ikaenda. Kasuku alituma maombi hadi vidole vikachoka, kisha akapunguza, kisha akaacha. Alianza kulala mchana. Mama yake akitoka zamu ya asubuhi alimkuta amejifunika gubigubi, pazia limeshushwa, na chai aliyomwachia imeota ngozi juu. Rafiki zake wa chuo walimpigia simu mwanzoni. Hawakuwa wabaya, wengine walilia naye. Lakini mazungumzo yao yakawa ni ya kazini, mara wakubwa wao, mara wateja wasumbufu, na Kasuku alikuwa akisikiliza na kusema, kweli, kweli, kama mtu anayehadithiwa habari za nchi ambako hajafika. Ile siku ya mwisho ya kuanza mwaka wake wa mazoezi ilipopita, hakuna aliyeitaja nyumbani. Walikula, wakaosha vyombo, Mwalimu akazima redio mapema.

Siku chache baadaye Kasuku alimfuata mama yake jikoni.

"Mama, kazini kwenu wanahitaji mtu?"

Mama Kasuku alijitia hamnazo, akafungua bomba la maji kwa nguvu zote. Kasuku alinyoosha mkono akalifunga.

"Nimekuuliza."

"Mwanangu, ile si kazi yako."

"Ni ya nani?"

Swali hilo halikuwa na ukali. Kasuku aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua. Mama yake lilimjia akilini jibu moja, kwamba ni ya kwangu mimi, niliichukua yote ili wewe usiikute, lakini mwenye kuikuta ndiye huyu amesimama mbele yake. Alisema ataulizia.

Alimwendea meneja akiomba kimoyomoyo akataliwe. Alitumaini atasikia hakuna nafasi, au kwamba hawachukui ndugu wawili, au wanataka cheti fulani. Meneja, mwanamke mchangamfu aliyevaa shanga kubwa shingoni, aliruka kutoka kitini akamkumbatia.

"Wako wewe? Wa damu yako? Aje kesho," alisema. "Laiti ningepata kumi kama wewe."

Hakuuliza msichana anaitwa nani. Hakuuliza amesoma nini wala aliwahi kufanya kazi wapi, hakutaka kusikia sauti yake wala kuona karatasi yake hata moja. Alimtazama tu Mama Kasuku kutoka juu hadi chini, akakadiria kwa macho, akaenda kabatini akatoa sare ya buluu iliyokunjwa ndani ya nailoni. Miezi yote ya kugonga milango, na huu ulifunguka kabla haujagongwa. Mama Kasuku aliibeba ile nailoni kifuani hadi nyumbani na njia nzima akawa anaona kama watu wanamtazama.

Basi akamfundisha mwanawe kazi. Alimwonyesha namna ya kumgeuza mtu mzito kwa kutumia shuka, namna ya kupima maji ya kuogea kwa kiwiko, namna ya kupumua kwa mdomo mbele ya beseni bila mwenye beseni kujua. Kasuku alishika upesi kama alivyoshika kila kitu maishani mwake, na wepesi huo ukawa unamuuma mama yake kuliko ambavyo uzito ungemuuma. Wafanyakazi wakambatiza Kijiko Kidogo. Walicheka wote, na Kasuku akacheka nao, akabandika kibandiko kifuani.

Yule bibi wa dirishani alimpenda siku ya kwanza. Alisahau hata kuficha mkoba. Alimshika mkono akaugeuzageuza kwenye mwanga, akakikagua kiganja.

"Nyie mna mikono ya kazi hii," alisema, na machozi ya upendo yalimlengalenga. "Mmeumbwa nayo. Sisi hatuwezi."

"Asante, bibi," alisema Kasuku.

"Na anavyosema vizuri! Kijiko, umemsikia? Kama mmoja wetu kabisa."

Mama Kasuku alikuwa upande wa pili wa kitanda, ameshika ncha ya shuka. Alimsubiri mwanawe akasirike. Alikuwa tayari kumtetea, hata wafukuzwe wote wawili, alikuwa tayari kabisa. Kasuku alichomeka shuka chini ya godoro, akalainisha kwa kiganja, akauliza kama bibi angependa dirisha lifunguliwe kidogo.

Asubuhi na jioni muuguzi alipita na kigari cha dawa. Kazi ya Kasuku hapo ilikuwa kushika glasi ya maji na kumwinua mzee kichwa ameze. Wiki za mwanzo mama yake alimwona, kila kigari kikisimama, akisoma majina yaliyo kwenye vichupa, midomo ikicheza bila sauti kama ya mtu anayesali. Muuguzi hakuona, na kama aliona hakusema. Baadaye midomo iliacha kucheza. Halafu na macho yakaacha kutazama kigari, yakawa yanatazama glasi tu, isimwagike.

Jioni moja walikuwa katika chumba cha kubadilishia nguo, wawili peke yao, wengine wameshatoka. Kasuku alikuwa amekaa kwenye benchi amevua kiatu kimoja, mikono ameiweka nyuma ya kiuno.

"Mama," aliuliza, "mgongo huwa unaanza kuuma lini?"

Mama Kasuku alilijua jibu. Kwake ulianza kabla mwaka wa kwanza haujaisha, na tangu hapo haukuwahi kunyamaza. Kuna asubuhi Mwalimu ndiye anayemvalisha viatu. Alifunga kabati lake kwanza, akahakikisha kufuli limeshika.

"Ukikunja magoti vizuri hauumi," alisema.

"Kweli?"

"Kweli. Wewe unainamia kiuno, nimekuona. Simama nikuonyeshe."

Kasuku alivaa kiatu chake akasimama. Mama yake akamshika mabega kwa nyuma, akamwambia ashuke taratibu, magoti kwanza, mgongo wima, na mwanawe akashuka kama alivyoambiwa.

"Tena," akasema Mama Kasuku, na akashuka naye.